Nchi Alizozifungia Postamasta

Hakuwa postamasta hata siku moja. Miaka ishirini na tisa aliyoitumikia posta aliitumikia akiwa amesimama, nyuma kabisa, kwenye chumba cha kuchambulia barua, mahali ambapo mteja hamwoni na yeye hamwoni mteja. Lakini walipoanza kupunguza watu, enzi zile kila shirika la umma likisikia neno ubinafsishaji linatafuta nani wa kumpa mkono wa kwaheri, yeye alitoka na suruali mbili za kaki, muhuri mmoja ambao nina hakika hakupewa na mtu, na cheo alichojipa mwenyewe wakati anashuka ngazi. Alipofika Kariakoo alikuwa tayari Postamasta. Na Kariakoo unaijua: ukijitambulisha kwa sauti ya kutosha hakuna anayekuomba cheti.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake kwa miaka sita, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Mtaa wa Sikukuu. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe alikuwa anasema jina ni la nyumbani, kazini mtu ana cheo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakati ule kila mfanyabiashara alitaka kadi yake iwe na anuani ya barua pepe, lakini kompyuta hana, na angekuwa nayo asingejua aiwashie wapi. Postamasta akachukua kiinua mgongo chake, akanunua mtambo mmoja uliotumika pamoja na printa inayolia kama msumeno, akawagawia wafanyabiashara anuani. Barua zao zinaingia kwetu kwa waya wa simu, mimi nazichapa kwenye karatasi, yeye anazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, anazikunja mara tatu, anaziweka kwenye vijumba vya mbao vyenye namba ukutani. Mwenye barua anapanda ngazi kuichukua. Akitaka kujibu, anakaa mbele yangu anasema, mimi nachapa, inaondoka. Ndiyo, jamani, barua pepe tuliigonga muhuri. Siku moja mzungu mmoja alipanda kuuliza njia ya kwenda stesheni, akaona, akacheka mpaka akakaa chini. Postamasta akamngoja amalize, kisha akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba stesheni haiko humu ndani.

Kijumba namba arobaini na moja kilikuwa cha mama yangu. Hakuwa na biashara, hakujua kusoma, lakini alikuwa na mtoto aliyepotea. Mdogo wangu wa kiume, ambaye Gerezani nzima walimwita Kibiriti kwa sababu ya hasira zake, alizamia meli bandarini wiki moja kabla ya arobaini ya baba yetu. Hakuaga. Watu wakaja kumsomea marehemu, wakauliza mwana yuko wapi, mama akajibu amelala. Baadaye tukasikia yuko Durban, na baharia mmoja aliyekuwa anarudi huko tulimkabidhi anuani ya ofisini kwetu, imeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara, akimwona ampe. Postamasta aliposikia habari hiyo hakuuliza swali. Alichukua rangi na brashi, akaandika 41 kwenye kijumba kitupu, akamfungulia mama anuani bila malipo. Kwa hiyo nitakapomsema, na nitamsema, mjue kwamba hilo pia alilifanya.

Kila Ijumaa mama alipita akitoka sokoni, mtandio umemkaa vizuri, kikapu mkononi.

"Postamasta, leo je?"

"Bado, Mama Zuhura. Ikifika hutapanda ngazi hizi. Nitaileta mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni."

Zuhura ni mimi. Mama alikuwa anashukuru kama vile barua ameipata, anashuka.

Sasa tabia zake. Kwenye kidole gumba cha kulia alivaa kile kifuniko cha mpira wanachovaa wachambuzi wa barua ili karatasi zisiteleze. Alikivaa hata anapotumia kompyuta. Alikivaa anapokula ndizi. Printa ikiwa inachapa barua ya mtu, yeye aligeuza uso akaangalia dirishani, kwa sababu kusoma barua ya mwenzio ni wizi, na alitaka na mimi nigeuze uso, mimi ambaye ndiye nimeifungua. Simu ikikata katikati ya barua alisimama wima akavua kofia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kuna mtu huko alikuwa anazungumza, akakatwa.

Alipenda kusema, "Barua ni amana," na akishasema anakuangalia kama amekukopesha kitu. Miaka ishirini na tisa, alidai, hakupoteza barua hata moja. Kuna bahasha iliwahi kufika imelowa, anuani imefutika, limebaki neno "karibu na kisima". Alizunguka visima vya Ilala siku tatu, baada ya saa za kazi, mpaka akampata mwenyewe. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara visima vinaongezeka. Lakini bibi mwenye barua nilikuja kuonana naye, akaniambia ni kweli.

Basi, mtu huyo huyo ndiye aliyezifungia nchi.

Ilianza na barua taka. Mnazijua, siku hizi kila mtu anazo na mashine zinazichuja zenyewe. Zamani zile zilikuwa mpya, na sisi tulizipokea kwa heshima zote. Mjane wa jenerali ana mali ghalani, anatafuta mtu mwaminifu wa kushika. Nilichapa, akagonga muhuri, akakunja. Muuza mabati mmoja wa Msimbazi alitembea na barua ya mjane huyo mfukoni mwezi mzima, kila akikaa kwenye kahawa anaanza, "Wacha wee, Mungu hamtupi mja wake." Tulikuwa tunaleta uchafu wa dunia na kuupa muhuri.

Siku ya vita ilikuwa ya alhaji mmoja muuza vifaa vya ujenzi, mtu mzima, mwenye wake wawili na kanzu isiyo na doa. Alikuwa mgonjwa wa miguu kwa hiyo barua zake Postamasta alimpelekea dukani. Akampelekea moja, akamkabidhi mbele ya wateja. Alhaji hana miwani, akampa karani wake asome kwa sauti. Karani akasoma. Ilikuwa tangazo la vidonge vya nguvu za kiume, tena limeanza kwa kumtaja alhaji kwa jina: tumesikia una tatizo.

Loh! Postamasta alirudi amekunja kofia mkononi, jasho linamtoka masikioni. Alhaji alikuwa amemuuliza swali moja tu, mbele ya watu: "Nani amekwambia?"

Mpaka adhuhuri hakugonga muhuri hata mmoja. Kisha akasema, "Binti, hii imetoka nchi gani?"

Hapo ndipo akili ya mchambuzi wa barua ilipotupeleka kubaya. Kwenye chumba chake cha zamani kila nchi ilikuwa na gunia lake. Mambo yakiharibika kwenye gunia, unalifunga gunia. Mtu mwingine yeyote angejiuliza ni nani anayeandika uchafu huu. Yeye aliuliza umetoka gunia gani. Akachimba kwenye vitabu vyake vya kompyuta, akagundua kwamba kila kompyuta duniani ina namba, na namba hizo zimegawiwa kwa mafungu, nchi na fungu lake. Ukiliambia seva lako, yaani ule mtambo unaopokea barua, likatae fungu zima, nchi nzima imekosa mlango. Siku aliyoligundua hilo alikula chipsi mayai mbili.

Akabandika ramani ya dunia ukutani, akanunua boksi la pini nyekundu. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa na mahakama. Mimi karani, yeye hakimu na mwendesha mashtaka, mtuhumiwa hayupo. Nasoma: hii imetoka Brazili, inauza dawa ya upara. "Brazili, fungia." Pini. Hii imetoka Korea Kusini, herufi zake hazisomeki. "Anaficha nini? Fungia." Pini. Barua moja ilitosha. Nchi haikuwa na rufaa. Ramani yenyewe aliipata kwenye shule iliyokuwa inatupa vitu, bado ina Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo nchi nyingine alizifungia kwa kukisia. Latvia hatukuiona kabisa. Tuliitafuta robo saa, mwisho akachomeka pini baharini, akasema itajijua yenyewe.

Siku tuliyofika Ugiriki kulikuwa na joto na nilitaka kuwahi nyumbani. Bwana mmoja huko anauza mkanda wa kupunguza tumbo. Postamasta alikuwa anafuta miwani, akaniambia, "Chomeka wewe, Binti, uko karibu." Nikachomeka mimi.

Msidhani wafanyabiashara walinyamaza. Bhai wa chini, mwenye duka la vitambaa na mwenye nyumba yetu, alipanda ngazi siku moja bila viatu, amesahau kuvivaa.

"Postamasta! Wewe nafungia Indonesia?"

"Nimefungia."

"Kontena yangu iko bandarini! Namba ya hati iko ndani ya barua, barua iko Indonesia, wewe nakaa na pini! Wakala anapiga simu kila saa, mimi nasema nini? Nasema ghorofani kwangu iko mpangaji amekasirikia Indonesia?"

"Bhai, mimi nalinda heshima yako."

"Heshima acha! Mimi nataka kitambaa!"

Na yeye, badala ya kufungua Indonesia kama binadamu, akatengeneza ratiba. Akaiandika kwa mwandiko wake mzuri wa posta, akaibandika mlangoni: Indonesia, Jumatatu na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Uchina, kila siku isipokuwa Jumamosi. Dubai, saa zote, kwa sababu angefunga Dubai, Kariakoo wangemchoma moto. Nchi zikawa na saa za kutembelewa kama wagonjwa. Bhai akawa anampigia simu mtu wake wa Jakarta kumwambia andika Alhamisi, rafiki, Alhamisi asubuhi, hapana, usiulize.

Angalieni lakini ni nchi zipi zilipata saa. Zile zenye mtu wa kupanda ngazi na kupiga kelele. Ugiriki hakuna aliyeagiza kitu huko. Ilikaa na pini yake, hakuna aliyeiombea.

Na barua taka, mtauliza, zilipungua? Zilipungua kidogo, kisha zikarudi, nyingine kutoka nchi ambazo mpaka leo sijui kama zipo. Wenye uchafu wao hawakai mahali pamoja, wanahama. Nilimwambia. Akasema, "Na mimi pini ninazo."

Nimefika kwenye barua ya kukataa, ambayo ningependa kuiruka.

Seva likikataa barua linamrudishia mwandikaji maneno mawili matatu ya mashine, ya Kiingereza, na namba za makosa. Postamasta aliyaona, akachukia. "Huu ni ukosefu wa adabu," akasema. "Unamfukuza mtu mlangoni, basi mfukuze kwa lugha." Tukakaa, akanisomea, nikachapa, akasahihisha, nikachapa tena. Alitembea chumbani amefumba macho, mikono nyuma. Alichukua asubuhi nzima. Naikumbuka yote:

"Ndugu. Tafadhali elewa kwamba mtu uliyemwandikia hapendi kupokea barua zako. Uamuzi huu umefikiwa baada ya kutafakari kwa kina na hautabadilika. Tunakuomba kwa heshima usimwandikie tena. Wako mtiifu."

"Kwa Kiswahili?" nikamuuliza. "Postamasta, hawa ni Wakorea. Wabrazili. Nani atasoma?"

"Hii ni ofisi ya Tanzania. Watafute mkalimani."

"Ni mashine zinatuandikia! Mashine itatafuta mkalimani?"

"Chapa, Binti. 'Kutafakari', si 'kufikiri'. Kutafakari kuna uzito."

Nikacheka siku nzima. Nilimsimulia mama nyumbani, na mama alicheka pia, akasema yule bwana angekuwa shehe angewasomesha hata mbuzi. Barua ile ikaanza kwenda duniani, maelfu kwa maelfu, kwa watu wasioijua lugha na kwa mashine zisizojua kitu, na kila moja ilimwita msomaji wake ndugu.

Mwaka ulipoisha akataka kujisifu. Seva lilikuwa na daftari lake la mlangoni, ambamo liliandika kila barua liliyoikataa: anuani ya aliyetuma, anuani ya aliyetumiwa, siku na saa. Barua yenyewe halikuiweka, kwa sababu ilikuwa haijaingia. Akaniagiza nichape daftari zima, alibandike ngazini, wafanyabiashara waone wamekingwa na mabalaa mangapi. Karatasi zilitoka nusu siku. Mimi nilikuwa nazipanga kwa nchi, kalamu mdomoni, nawaza mambo yangu, nikafika Ugiriki.

Anuani ya tatu kutoka juu ilianza na kibiriti_gerezani. Iliyotumiwa ilikuwa ya mama. Kumbe Durban alikuwa ameshahama.

Nilidhani macho. Nikashuka na kidole. Ilikuwepo tena. Na tena. Nilihesabu mara mbili, ni kumi na moja, ndani ya miezi mitano. Ya kwanza ilikataliwa siku tisa baada ya mimi kuchomeka pini. Ya mwisho ilikuwa na miezi minne sasa, na baada ya hapo hakuna.

Sikulia. Nilisimama nikamtupia yale makaratasi usoni. Kweli nilimtupia, mtu wa umri wa baba yangu, na sikuomba radhi siku ile wala baadaye.

"Soma! Wewe ambaye husomi barua za watu, hiyo soma!"

Aliokota karatasi moja moja. Akaipata ile. Aliisoma amesimama, akaanza upya kutoka juu, na kile kidole chenye mpira kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari kama nilivyofanya mimi. Kisha akakivua kifuniko kidoleni. Sikuwahi kumwona bila hicho. Ngozi ya chini ilikuwa nyeupe, imekunjamana.

"Alijibiwa," akasema.

"Alijibiwa mara kumi na moja."

"Kwa Kiswahili."

Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafika hapo. Katika dunia nzima, katika maelfu yale, mtu aliyeipata ile barua akaisoma na kuielewa neno kwa neno alikuwa mmoja. Na aliondoka bila kuaga, arobaini ya baba yake haijafika. Mtu hapendi kupokea barua zako. Tumetafakari kwa kina.

Postamasta alikata ile sehemu ya Ugiriki kwa rula, akaigonga muhuri, akaikunja mara tatu. Akavaa kofia. Nikamwambia usiende, nitasema mwenyewe. Akasema, "Nilimwahidi." Tukaenda kwa miguu, Kariakoo mpaka Gerezani, yeye mbele mimi nyuma, mpaka mlangoni kwetu. Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Kumwona tu Postamasta amesimama pale alijua, akasukuma ungo, akajifunika vizuri, macho yamejaa.

"Imefika?"

Sijawahi kumwona mtu mzima akitafuta maneno vile, na huyu maneno ndiyo yalikuwa mali yake. Alisema yote. Hakumsingizia mtambo, hakunitaja mimi na pini. Alisema, "Mama Zuhura, mwanao alileta barua kumi na moja na mimi nilizikataa mlangoni. Hazipo. Kilichopo ni hiki." Akampa karatasi kwa mikono miwili.

Mama aliigeuza geuza. Kusoma hakujua, lakini alitaka aoneshwe. Nikamwonesha: hili ni jina lake, hii ni siku, hii ni saa. Akashika kila mstari kwa kidole.

"Na hapa alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima, mama."

"Na hapa?"

"Mzima."

Tulikwenda hivyo mpaka wa kumi na moja. Kisha akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Kumbe aliandika," akasema. "Anaambiwa usiandike na anaandika. Mkaidi yule." Akamkaribisha Postamasta chai. Postamasta akanywa, sukari hakuomba na mama kwa fadhaa hakumwekea, akaimaliza hivyo hivyo.

Siku ya pili ramani ilikuwa haina pini hata moja. Tuliandika kwenda anuani ile ya Ugiriki, kwanza mimi, halafu yeye, halafu mama kwa mdomo wake. Kila Ijumaa mama alipita, lakini swali lake hakuliuliza tena. Anasalimia tu, anaangalia arobaini na moja, anashuka. Jibu halikuja. Uchafu ndio ulikuja, kutoka kila pembe, na Postamasta akawa anaupokea wote, anaugonga muhuri, anaukunja, anauweka kwenye kijumba cha mwenyewe, hata vidonge, hata wajane. Wateja wakakasirika wakaondoka. Na huo ndio wakati internet kafe zilipoota kila kona na anuani zikawa za bure, kwa hiyo wangeondoka tu. Tulifunga ofisi. Bhai alikichukua chumba akakijaza majora ya vitambaa. Miaka minne baadaye mama alifariki, na ile karatasi tuliikuta ndani ya mfuko wa msahafu wake, mikunjo imeshakatika.

Kibiriti aliniibukia miaka mitatu iliyopita, kwenye simu, sauti nene nisiyoijua. Ana watoto huko. Tulizungumza siku nyingi kabla sijathubutu kumuuliza, na alinijibu bila hasira, jambo ambalo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilimwona Postamasta mwezi uliopita, Gerezani, kwenye benchi kabla ya kituo cha mabasi ya mwendokasi. Kaki zile zile, au ndugu zake. Fimbo sasa anayo.

"Shikamoo, Postamasta."

"Marahaba. Binti!" Akanikazia macho, akacheka, akanionesha simu yake kubwa. "Unaona hawa? 'Ile hela tuma kwenye namba hii.' Hela ipi? Simjui, hanijui! Kila siku. Nimeifunga, haipokei namba nisiyoijua. Mwanangu tu na daktari."

"Bado unafungia watu."

Nilisema kwa utani, lakini alizima simu, akaiweka gotini. Baadaye kidogo akauliza, hakuniangalia: "Kaka yako?" Alikuwa mdogo wangu, si kaka, lakini nilijua anamaanisha nani.

Nikamwambia yupo. Nikamwambia ana watoto. Uso wake ukafunguka, jamani, mzee akawa kama ameongezewa miaka kumi ya kuishi, na ningeishia hapo. Mtu mwema angeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na jambo lile miaka mitatu peke yangu, na aliyelitunga alikuwa mbele yangu anatabasamu.

"Nilimuuliza kwa nini aliamini," nikasema. "Aliniambia ingekuwa Kiingereza angejua ni mashine. Lakini ile ilikuwa na 'tafadhali'. Ilikuwa na 'kutafakari'. Akasema, mama hajui kuandika, kwa hiyo amekwenda kwa mtu msomi, akalipa, akakaa, akayasema yote yale, yule msomi akayaweka vizuri. Akasema, Dada, kile Kiswahili kilikuwa kizuri sana. Mtu hawezi kusumbuka vile kama hajamaanisha."

Basi moja likapita, likapita la pili. Postamasta alikuwa anasugua kidole gumba chake.

"Ana namba?"

"Anayo."

"Mwandikie. Macho yangu hayaoni herufi ndogo. Mwandikie kutoka kwangu."

Nikatoa simu yangu. Akanyooka kwenye benchi, akafumba macho, mkono mmoja nyuma kama zamani, na nikajua kinachokuja.

"Ndugu," akasema. "Tafadhali elewa kwamba..."

Akasita. Akafumbua macho. Nilikuwa sijaandika kitu.

"Futa," akasema.

"Hakuna cha kufuta."

 Watu walitupita, mchuuzi wa karanga akatuuliza mara mbili, akaondoka. Midomo ya Postamasta ilikuwa inajaribu maneno na kuyatema. Hatimaye aliniambia, kwa sauti ndogo, maneno ya kawaida kabisa, ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaandika:

"Mama yako alikuwa anapita kila Ijumaa."

Nikangoja yaliyobaki.

"Ni hayo tu," akasema. "Chapa, Binti."

Nikachapa.